Jeneza Haliingii Lifti

Mazishi yetu Waislamu wa Mombasa hayana subira. Mtu akifa alfajiri, huzikwa baada ya adhuhuri, na ambaye hakuitazama simu yake asubuhi atawakuta wenzake wanatoka makaburini wakijipangusa mchanga. Rafiki yangu mwenye yadi ya magari alikwenda hivyo. Hamsini alikuwa hajaifika. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulisimama kwenye maegesho ya jengo letu huko Nyali tukabishana juu ya bei ya gari moja, kila mtu akaenda kwake akijua tutaumaliza ubishi kesho.

Kabla imamu hajapiga takbira ya kwanza, kakake marehemu alisimama mbele ya jeneza akasema maneno yanayosemwa kila mara: aliyekosewa amsamehe, na anayemdai aje aonane na jamaa. Nimeyasikia maneno haya tangu niko chuoni na juzuu kwapani. Siku hiyo niliyasikia kwa sikio la biashara. Safu za mbele zilijaa watu wa yadi, madalali wa viwanja, watu wa benki, mawakala wa kutoa mizigo bandarini kama mimi, na sidhani alikuwapo hata mmoja kati yetu asiyekuwa na hesabu na yule aliyelala. Hakuna aliyeinua mkono, watu wana adabu zao. Lakini kimya kile kilikuwa na tarakimu ndani yake. Kisha swala, ambayo haina rukuu wala sijda, takbira nne na salamu, imekwisha. Saa nane tulikuwa Kikowani.

Magari yake mengine yalikuwa bado baharini. Meli kutoka Japani huchukua yapata mwezi kufika bandari yetu ya Kilindini, na siku zinahesabiwa, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Yalipofika, mimi ndiye niliyewasaidia jamaa kuyatoa, kila karatasi ikiwa na jina la mtu ambaye tulikuwa tumekwisha kumsomea hitima. Mpango wa mali ya maiti unajulikana: gharama za mazishi kwanza, halafu madeni, halafu wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Nimeona jamaa wakipita njia hiyo kwa Kadhi bila kelele, nimeona na wengine wakipigana hata juu ya mapazia. Hawa walikuwa watulivu. Sitaki kuyasema zaidi ya hapo, si yangu.

Ninayotaka kuyasema ni yaliyotupata sisi tuliobaki, watu wa rika lake. Tuliingiwa na hofu, na kila mmoja akaitafutia dawa. Mmoja alikata tiketi ya umra na mke wake. Mwengine alianza kukimbia ufukweni kila alfajiri na kujipima moyo kila mwezi. Wa tatu alijiunga na makundi ya WhatsApp yanayotuma mawaidha asubuhi na jioni, na tangu hapo hutuletea na sisi, video za mashekhe wa kila lafudhi, mengine mazuri, mengine ya kutisha watoto. Mimi nilinunua vitabu. Sisemi haya ni mabaya. Umra ni ibada na moyo ni amana. Ila nilikuja kugundua kwamba kila dawa tuliyoichagua ilikuwa na bei, na ikaja na risiti.

Hiyo ndiyo neema yetu, kuweza kununua kila kitu. Na nikisema neema, sisemi Mombasa nzima. Bandari ilivuka makasha milioni moja kwa mwaka tangu 2014, na reli mpya ilipoanza 2017 kazi nyingi za mizigo zikapanda gari moshi kwenda Nairobi. Kuna madereva na matanboi waliobaki wakitazama, na ukienda mtaa wa mabanda wa Bangladesh kule Jomvu ukawaambia watu kwamba utajiri unawafanya wapoteze roho, watakucheka, na watakuwa na haki. Nawasema tuliopata. Tuko wengi kuliko tunavyokiri, na tukikaa barazani bado twalalamika kama watu wasiokuwa na kitu.

Nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Mtu akifa pale, mtaa mzima ulipata kazi. Watoto tulitumwa kuazima masufuria na majamvi, nyumba hii na ile. Wanaume wengine walikwenda kuchimba, wengine kukata sanda, wanawake walishika jiko na kumshika mfiwa. Hata mjinga wa mtaa alikuwa na kazi yake, alisimama mwanzo wa kichochoro kuwaelekeza wageni. Sasa nina watu wa mahema, watu wa viti, watu wa mapishi, na nina M-Pesa, ambayo tangu 2007 imetuokoa katika mengi. Mchango wangu hufika matangani kabla yangu, na mara nyingi hufika badala yangu.

Baada ya mambo ya yadi kutulia nilikwenda kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Wengi wa Mombasa tulipelekwa na shule, tukala mikate yetu chini ya mibuyu, tukarudi. Ukivuka daraja la Mtwapa unaiacha barabara kuu, ile ya magorofa mapya na vilabu visivyolala, unateremka kuelekea baharini, na dakika chache tu baadaye uko katika mji wa mawe wa karne ya 14 ambao watu wake waliuhama karne iliyofuata. Mwaka 1972 mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Kuna misikiti minne, nyumba kadhaa zenye vyoo na mahali pa kuogea, visima. Walikuwa watu wa mali. Waliishi kwa bahari na biashara yake kama sisi tunavyoishi, na ukitazama kuta zao unene, na jinsi nyumba ilivyopangwa mtu akatoka baraza akaingia ndani mpaka chumba cha siri, huoni dalili yoyote kwamba waliionea haya mali yao.

Msikiti wa pwani ndio uliokaa vizuri zaidi. Una birika la maji, na mawe ya matumbawe yaliyowekwa ili mtu asugue miguu kabla ya kuingia, kwani mchanga wa pwani hauna heshima. Kando ya msikiti huo kuna kaburi, na juu ya kaburi kuna maandishi ya Kiarabu, aya ya 185 ya sura ya Aal-Imran katika Qur'ani: kila nafsi itaonja mauti, malipo yenu mtapewa kwa ukamilifu siku ya Kiyama, na maisha ya dunia si chochote ila starehe ya udanganyifu.

Nilisimama pale muda mrefu, na lililonishangaza halikuwa ile aya, ninayoijua tangu utotoni. Nilishangazwa na mahali ilipowekwa. Tajiri wa Jumba, akitoka nyumbani kwake penye kila kitu, akija kuswali, alisugua miguu yake, akachota maji birikani, na kaburi lile lilikuwa pale pale, njiani mwake, kila siku. Hakuna aliyelisogeza nje ya mji kwa kuwa linaharibu sura. Mali na mauti vilikaa ubavu kwa ubavu. Sisi, kwa upande wetu, tumeweka ubao wa matangazo ya viwanja.

Mji wetu nao una makaburi ya namna hiyo, tukitaka kuyaona. Nyali kwenyewe, nyuma ya hizi nyumba za kukodishwa kwa wageni, amelala Rosine, mke wa mmishonari Krapf, na mtoto wake mchanga. Walikufa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Na pale Ngome ya Yesu, ambapo watalii hushuka na tuktuk hugombania abiria, kuna makaburi ya ukoo wa Mazrui. Profesa Ali Mazrui alifia Binghamton, New York, Oktoba 2014, baada ya maisha ya kufundisha vyuo vikuu vya Makerere na Michigan na kumbi za dunia nzima, akaletwa kuzikwa hapo. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu, ndiye aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome, wafanye kazi, waende na wakati wao, na wasiiache dini wakiwa njiani. Kwa hiyo swali hili letu si jipya. Sheikh alikwisha kulipiga chapa kabla babangu hajazaliwa. Ninachoona kimebadilika ni kwamba wakati ule hoja ilikuwa vipi tuyapate maendeleo, na sasa wengine wetu tumeyapata, tumekaa nayo sebuleni, hatujui tuzungumze naye nini mgeni huyu.

Sasa nirudi kwenye siku ya mazishi, kwa kuwa sehemu iliyo na uzito nimeiruka.

Maiti alioshwa katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti. Nilikuwa nimesimama nje na wenzangu, kila mmoja na simu mkononi, tukipanga magari ya kuvuka daraja. Muosha alitoka mlangoni. Ni mzee, alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na sote twamwita Ami. Akanitazama mimi.

"Wewe ulikuwa rafikiye?"

"Naam, Ami."

"Basi vua hiyo saa, pandisha mikono, njoo."

"Ami, mimi sijawahi."

"Hata yeye hajawahi kufa. Shika kopo."

Muosha haelezi aliyoyaona. Hiyo ni amana, na niliambiwa hivyo kabla sijavuka kizingiti. Kwa hiyo nitaeleza yaliyofanywa na mikono yangu peke yake. Nilimimina maji. Ami na mpwa wa marehemu walifanya kazi yenyewe, chini ya kitambaa kilichomsitiri kutoka kitovuni mpaka magotini, na kila mara Ami aliniambia wapi: hapa, taratibu, upande wa kulia kwanza, basi, sasa kushoto. Maji ya majani ya mkunazi, kisha mengine, na ya mwisho yenye karafuu maiti. Alipotaka kumgeuza alimwita kwa jina lake, akamwambia, "Twakugeuza," kama vile mtu amwambiavyo mgonjwa. Niliagizwa nichunge maji yasimwingie puani. Nikachunga. Mgongo uliniuma, kanzu ikalowa, na kwa muda wote ule sikuwaza juu ya mauti hata mara moja. Niliwaza pua ya rafiki yangu.

Sikuona nuru. Nasema hivi kwa kuwa najua kuna wasomaji watakaotaka nuru. Usemi wa sanda kutokuwa na mfuko pia haukunijia, umechoka usemi huo, na mwenye kuusema sana kwa kawaida ana mifuko mingi. Kilichonipata ni kidogo kuliko hivyo na hakijaondoka. Ile hofu niliyokuja kuitafutia dawa wiki zilizofuata, pale chumbani haikuwapo. Haikupata nafasi. Kulikuwa na kazi, kazi ina namna yake ya kufanywa vizuri, na kuna mtu anayeihitaji ambaye hatakulipa wala hatakushukuru.

Ndipo ninapoona neema imetupiga chenga. Haikutuzuia kuswali, misikiti ya Mombasa imejaa, na ina viyoyozi. Haikutuzuia kutoa, wenye mali wa mji huu hutoa, wengine kwa siri kubwa. Imetuondolea kazi za mikono, moja baada ya nyengine, kila moja kwa sababu nzuri, na kati ya kazi hizo zilikuwamo zile ambazo ndani yake wazee wetu walijifunza kufa, polepole, wakati wakiwafanyia wengine. Mtume alisema vitatu humfuata maiti, jamaa zake, mali yake na amali yake, viwili hurudi na kimoja hubaki. Sisi tumeanza kutuma mali peke yake iende ikarudi.

Nilimwambia Ami haya siku nyengine, tulipokuwa tumekaa nje baada ya isha. Nilijitia kusema kwamba pengine maskini wana bahati, hawajapoteza mikono yao. Hakunipa hata nusu dakika.

"Wacha hayo. Umaskini si ucha Mungu. Nimewaosha maskini waliokufa wakiudhika na kila mtu, nimewaosha na matajiri waliokuwa wepesi kama mtoto. Hebu nambie, wewe ukifa, nani pale kwenu ajua kuosha?"

Sikuwa na jina la kumpa.

Mke wangu yeye alicheka. "Baba Nasra, nyinyi wanaume mumevumbua leo?" Akanihesabia. Shangazi yake alipokufa, aliyemuosha ni yeye na mamake mdogo, na mimi nilikuwa nje nikilipia hema. Jirani alipokaa eda, miezi minne na siku kumi, wanawake walikuwa wakienda kwa zamu, mmoja na chai, mmoja na maneno, mmoja na kukaa tu. Hakuna aliyeliandikia makala. Nikamwambia hilo nitalitia. Akasema nitie na kwamba hema lile lilikuwa ghali na lilivuja.

Na sijasema bado tulivyomteremsha. Rafiki yangu alikuwa akikaa ghorofa ya sita. Jengo letu lina bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi, genereta na kisima chake, na lina lifti yenye kioo ambayo watu sita huingia wakibanana. Jeneza la msikiti halikuingia. Tulilijaribu kwa ubavu, tukalijaribu kwa pembe. Mlinzi, kijana mpole, alinong'ona kwamba pengine tumsimamishe, na kakake marehemu akamtazama mpaka akarudi getini. Basi tukashika ngazi. Kwenye kila kona ilibidi jeneza linyanyuliwe juu ya kichuma cha ngazi, wa mbele wakiinama, wa nyuma wakipandisha mikono. Ghorofa ya nne alitoka jirani Mjaluo, mtu wa kanisa, yuko na fulana ya ndani, hakuuliza, akashika pembe. Ghorofa ya tatu jirani yetu Mhindu alikuwa amekwisha kuondoa makabati ya viatu na baiskeli za wajukuu wake, njia nyeupe, naye amesimama mlangoni mikono imekutana kifuani.

Mchoraji wa jengo lile alifikiria magari mawili kwa kila nyumba. Alifikiria upepo wa kusi na wapi utaingilia. Kwamba watu wa ghorofa ya sita watatoka siku moja wakiwa wamelala, halikumjia, na hata sisi tulionunua hatukuliuliza, tuliuliza kama kuna intaneti ya kasi.

Kwenye mkutano wa wakaazi nililileta. Mwenyekiti aliliandika mwisho wa ajenda, baada ya maji na maegesho, kwa maneno "mambo mengineyo". Kulikuwa na waliokohoa. Mama mmoja alisema tusiwatishe wapangaji. Mwengine alitaka kujua kama kuna kampuni inayofanya kazi hiyo, tuilipe kwa mwaka tusahau. Nikawaeleza kwamba Ami yuko tayari kuja kufundisha wanaume katika chumba cha mikutano, na kwamba mke wangu na wenzake watawafundisha wanawake. Jirani wa kanisa akasema wao wana watu wao, ila orodha ya wabebaji ni ya wote, naye aandikwe. Tukakubaliana mfuko mdogo, shilingi mia mbili kwa nyumba kila mwezi, wa machela inayokunjika, glavu, sanda na karafuu maiti, na vichuma vya ngazi vya ghorofa ya pili na ya tano vikatwe inchi chache.

Mhindu alitoa pesa taslimu za mwaka mzima pale pale. Mwenyekiti alimkumbusha kwa upole kwamba sanda na karafuu hazitamhusu.

"Sisi twachoma," akasema, "lakini ngazi ni hizi hizi."

Fundi wa vyuma anakuja Jumanne. Ami ameomba tusimtengee chumba chenye zulia.